Msimu Mpya wa Magongo: Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Filimbi ya Kwanza

Mpira wa magongo ni miongoni mwa michezo ya shule za sekondari inayochezwa muhula wa kwanza, pamoja na mpira wa kikapu, mpira wa mikono na riadha. Ratiba hiyo ni moja nchi nzima, lakini hali ya hewa si moja. Huku Pwani, muhula wa kwanza huangukia kipindi cha kaskazi, wakati ambapo jua la Januari hadi Machi huwa kali kuliko miezi mingine na hewa hujaa unyevu wa bahari. Watoto wanatoka likizoni wakiwa hawajakimbia kwa wiki kadhaa, na baada ya muda mfupi wanatakiwa kuwa tayari kwa mechi za kanda na kaunti ndogo.

Wiki hizo za mwanzo ndizo humweka kocha kwenye mtihani mkubwa zaidi wa msimu. Mazoezi yakipangwa vizuri, mtoto hujifunza mchezo, hupata marafiki na hubaki shuleni akiwa na sababu ya kuamka mapema. Yakipangwa vibaya, yupo atakayeanguka kwa joto, yupo atakayepigwa na mpira usoni, na yupo atakayeondoka kimyakimya asirudi tena. Makala haya yanaeleza mambo ambayo kocha, mwalimu wa michezo na mzazi wanapaswa kuyakamilisha kabla ya filimbi ya kwanza, katika shule na katika timu za mitaani.

MCHEZO WENYEWE KWA UFUPI

Mpira wa magongo huchezwa na wachezaji 11 kila upande, kwenye uwanja wenye urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Mechi ya kimataifa ina robo nne za dakika 15 kila moja. Mchezaji hutumia upande bapa wa gongo pekee. Upande wa mgongo, ulioviringana, hauruhusiwi kugusa mpira, na hakuna magongo ya watu wa mkono wa kushoto. Mbali na kipa, hakuna anayeruhusiwa kuucheza mpira kwa mguu. Bao huhesabiwa tu endapo mshambuliaji ameugusa mpira ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango.

Mpira wenyewe ni mgumu na una uzito wa kati ya gramu 156 na 163. Uzito huo unaonekana mdogo mkononi, lakini mpira unaporuka kwa kasi na kumpata mtoto mdomoni au kwenye paji la uso, madhara yake si madogo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya makala haya inahusu usalama.

Kenya si mgeni katika mchezo huu. Timu ya taifa ya wanaume ilishiriki Olimpiki mara saba kati ya 1956 na 1988, na ilimaliza ya sita mjini Tokyo mwaka 1964. Katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, lililochezwa Barcelona mwaka 1971, Kenya ilishika nafasi ya nne. Avtar Singh Sohal, aliyekuwa nahodha wa miaka hiyo, bado hutajwa miongoni mwa walinzi bora waliowahi kutokea nchini. Kwa upande wa wanawake, klabu iliyojulikana kwa miaka mingi kama Telkom, na sasa Blazers, imetwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi. Wengi wa wachezaji wa timu hizo za sasa walianzia kwenye viwanja vya shule.

UKOSEFU WA UWANJA KAMILI SI KIZUIZI

Swali la kwanza ambalo walimu wengi huuliza ni la uwanja. Viwanja vya nyasi bandia vya magongo ni vichache nchini, na kinachofahamika zaidi ni kile cha City Park, Nairobi, kilichoandaliwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Katika Kaunti ya Kilifi, kuanzia Mtwapa hadi Magarini, na kutoka ufuoni hadi Ganze na Kaloleni, shule nyingi zina uwanja mmoja wa udongo ambao pia ndio wa kandanda, riadha na gwaride.

Mfano mzuri unatoka kwenye mchezo unaofanana na huu, ambao Mkenya wa kawaida hangeutarajia kabisa: magongo ya barafuni. Tangu mwaka 2005, hoteli ya Panari iliyo kando ya barabara ya Mombasa jijini Nairobi imekuwa na uwanja wa barafu ndani ya jengo. Uwanja huo ni mdogo sana ukilinganisha na uwanja kamili wa barafu, ambao una urefu wa mita 60. Hata hivyo, hapo ndipo timu ya Ice Lions ilipozaliwa. Mwaka 2018 wachezaji wake walisafirishwa hadi Kanada na kucheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Magongo ya Barafuni. Watoto nao hujifunza kwenye barafu hiyo hiyo ndogo.

Hata nchi zenye barafu tele zimeamua kuwafunza watoto kwenye nafasi ndogo. Marekani ilianzisha mpango wake wa kukuza wachezaji mwaka 2009, na moja ya nguzo zake ni kuugawa uwanja vipande ili watoto wadogo wacheze kwa upana badala ya urefu. Kanada nayo ililifanya jambo hilo kuwa la lazima kwa wanaoanza kuanzia msimu wa 2017. Sababu ni rahisi. Mtoto wa miaka minane akiwekwa kwenye uwanja wa watu wazima, hukimbia sana na kuugusa mpira mara chache. Akiwekwa kwenye nafasi ndogo na wenzake wanne, huugusa mara nyingi, hulazimika kuamua haraka na hafichiki nyuma ya wale wenye nguvu.

Magongo ya nchi kavu yana mfumo unaofanana na huo, wa wachezaji watano kila upande. Ulitumika katika Olimpiki ya Vijana mwaka 2014, na Januari 2024 Kombe la Dunia la kwanza la mfumo huo lilifanyika Muscat, Oman, ambako Kenya ilikuwa miongoni mwa timu za wanaume. Kwa hiyo, kocha mwenye nusu ya uwanja wa udongo anaweza kuigawa sehemu mbili na kuchezesha watoto 20 kwa wakati mmoja. Uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu pia unafaa kwa mazoezi ya kudhibiti mpira, kwa sababu hapo mpira hauruki ovyo. Ufuo wakati maji yametoka, mchanga ukiwa umeshikana, unafaa kwa mbio na mazoezi ya viungo, ingawa hauufai mpira wenyewe.

KABLA YA SIKU YA KWANZA

Kazi ya kocha huanza kabla ya mtoto yeyote kushika gongo. Mambo manne yanapaswa kuwa tayari.

La kwanza ni daftari la timu. Kila mtoto aandikwe jina, tarehe ya kuzaliwa, jina na simu ya mzazi au mlezi, na hali yoyote ya kiafya ambayo kocha anapaswa kuijua: pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, mzio, au jeraha la zamani. Tarehe ya kuzaliwa ithibitishwe kwa cheti. Kumchezesha kijana aliyepitisha umri ni udanganyifu, na pia ni hatari kwa mtoto mdogo atakayegongana naye.

Katika daftari hilo, selimundu isisahaulike. Ugonjwa huu wa damu, ambao wengi huuita siko seli, upo katika familia nyingi za Pwani. Tafiti zilizofanywa Kilifi chini ya mpango wa KEMRI na Wellcome, uliopo mjini humo tangu mwaka 1989, zilisaidia kuonyesha kwamba mtu aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu chembe hiyo imedumu katika maeneo yenye malaria. Lakini mtoto aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ni mgonjwa, na upungufu wa maji mwilini au uchovu uliopita kiasi unaweza kumletea maumivu makali na kulazwa hospitalini. Mtoto kama huyo asifukuzwe kwenye timu. Mzazi azungumze na daktari kuhusu kiwango cha mazoezi kinachomfaa, naye kocha ahakikishe anakunywa maji, anapumzika anapohitaji, na halazimishwi kamwe kumaliza mbio.

La pili ni mkutano wa wazazi. Nusu saa inatosha. Wazazi waelezwe siku na saa za mazoezi, anayewasimamia watoto, gharama zilizopo na zisizokuwepo, namna watoto watakavyosafiri kwenda mechini, na mtu wa kumpigia simu kukiwa na tatizo. Mzazi anayejua kwamba mazoezi humalizika saa 12 jioni atauliza mapema mwanawe akichelewa kufika nyumbani.

La tatu ni ukaguzi wa uwanja. Watoto na walimu wapange mstari na kuupita uwanja wote kwa miguu, wakiokota mawe ya matumbawe, vipande vya chupa, miiba na misumari. Mashimo yajazwe. Kwenye udongo usio sawa, mpira wa magongo hugonga jiwe na kuruka hadi usawa wa uso bila mtu yeyote kuuinua. Kazi hii irudiwe kila wiki, maana uwanja wa umma hutumiwa na watu wengi na mifugo hupita humo.

La nne ni vifaa. Kinga ya ugoko na kinga ya meno zina umuhimu kuliko jezi mpya. Fedha zikiwa kidogo, zianzie hapo. Kipa asisimame langoni kupigiwa mashuti bila kofia ya kipa, kinga ya kifua na kinga za miguu. Timu isiyokuwa na vifaa hivyo inaweza kufanya mazoezi ya mabao madogo bila kipa hadi vitakapopatikana. Magongo yakaguliwe kabla ya kila zoezi, na lililopasuka liwekwe kando, kwani vibanzi vyake hujeruhi.

WIKI NNE ZA KWANZA

Mwili wa mtoto huhitaji muda wa kuzoea joto na kazi. Wataalamu wa tiba ya michezo hueleza kwamba mwili huchukua takriban siku 7 hadi 14 za mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo ili kuzoea joto kali. Kocha anayeanza siku ya kwanza kwa mbio za saa nzima, akitaka kuona nani ana roho ngumu, anakiuka kanuni hiyo na anahatarisha maisha.

Wiki ya kwanza, mazoezi yawe ya dakika 45 hivi, mepesi, yenye mapumziko mengi. Watoto wajifunze kushika gongo: mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, magoti yamekunjwa kidogo na macho mbele. Mpira usukumwe tu, usipigwe. Kusukuma maana yake ni gongo kuwa limeugusa mpira tangu mwanzo, bila kuinuliwa nyuma. Kwa njia hii mtoto hujifunza mwelekeo kabla ya nguvu, na hakuna gongo linalopaa na kumpata mwenzake.

Wiki ya pili, muda ufike saa moja. Ziongezwe pasi za wawili wawili na watatu watatu, kuudhibiti mpira unaokuja, na michezo midogo ya wanne kwa wanne. Wiki ya tatu, muda ufike dakika 75, na hapo ndipo kupiga kwa nguvu kuanze kufundishwa, watoto wote wakiwa upande mmoja wa mpira. Wiki ya nne iwe ya mechi ya kirafiki na shule au timu jirani, ambapo kila mtoto aliyehudhuria mazoezi anacheza.

Zoezi moja la dakika 60 linaweza kugawanywa hivi: dakika 10 za kupasha mwili moto, 15 za ufundi, 10 za mazoezi ya wawili au watatu, 20 za mchezo mdogo, na 5 za kutuliza mwili na mazungumzo. Foleni ndefu ziepukwe. Watoto 15 wakisubiri mpira mmoja, 14 kati yao hawajifunzi chochote.

JOTO, MAJI NA SAA ZA MAZOEZI

Katika hewa kavu, jasho hukauka na kuupoza mwili. Katika hewa ya Malindi au Mtwapa mwezi Machi, unyevu huzuia jasho kukauka. Hutiririka tu, na joto hubaki mwilini. Hii ndiyo sababu nyuzi 32 za Pwani humchosha mchezaji kuliko nyuzi hizo hizo mahali pakavu.

Saa zinazofaa ni asubuhi kabla ya saa 3, au jioni kuanzia saa 10 na nusu. Mazoezi ya saa 8 mchana yasifanyike. Watoto wapewe mapumziko ya maji kila baada ya dakika 15 hadi 20, wote kwa pamoja, bila kungoja mtu aseme ana kiu. Mtoto wa miaka 9 hadi 12 anahitaji takriban mililita 100 hadi 250 kila dakika 20, na kijana mkubwa zaidi ya hapo. Maji safi yanatosha kwa mazoezi ya saa moja, na dafu baada ya mazoezi ni kinywaji kizuri. Kumnyima mtoto maji kama adhabu, au kwa imani kwamba maji humfanya mzito, ni kosa ambalo halina utetezi.

Mwezi wa Ramadhani huweza kuangukia ndani ya muhula wa kwanza, kama ilivyo katika miaka hii. Wachezaji waliofunga hawawezi kunywa maji mchana, kwa hiyo ratiba ndiyo ibadilike. Mazoezi yao yawe mafupi na mepesi, ya ufundi zaidi kuliko mbio, na yasogezwe karibu na magharibi ili wafuturu mara wanapomaliza. Kocha asimuulize mtoto mbele ya wenzake kama amefunga au hakufunga, na nafasi ya mchezaji kwenye timu isipotee kwa sababu ya ibada.

Dalili za hatari ni kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kuyumba. Mtoto akianza kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura. Apelekwe kivulini mara moja, avuliwe vifaa, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asinyweshwe chochote akiwa hajitambui. Msaada uitwe wakati kazi ya kumpoza ikiendelea, kwani dakika za mwanzo ndizo huokoa. Sanduku la barafu kando ya uwanja si anasa. Katika miji ya Pwani barafu hupatikana hata mahali wavuvi wanapohifadhia samaki.

Masika yanapokaribia, radi nayo huwa tishio. Ngurumo ikisikika, watoto watoke uwanjani na waingie ndani ya jengo, wasikae chini ya mwembe au mkorosho. Mchezo usirejelewe hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Jambo jingine la hapa kwetu ni bahari. Baada ya mazoezi, watoto wenye joto hukimbilia kuoga pwani. Kocha ahesabu wachezaji wake mwishoni na ahakikishe wanaelekea nyumbani. Mtoto aliyechoka hana nguvu za kupambana na mkondo.

MAPIGO YA KICHWA

Mtoto akipigwa kichwani na mpira, gongo au kiwiko, ubongo unaweza kutikisika hata kama hajazirai na hakuna damu. Dalili ni kichwa kuuma, kuona maluweluwe, kutapika, kusahau matokeo au kuwa mzito wa kujibu. Kanuni ni moja: ukiwepo wasiwasi, mtoto atoke na asirudi uwanjani siku hiyo, hata kama fainali imebaki dakika tano na hata kama mwenyewe anasema yuko sawa. Apelekwe kituo cha afya, na mzazi aarifiwe. Akitapika mara kwa mara, akizidi kusinzia au akipata degedege, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kurudi kwake kuwe kwa hatua. Kwanza siku moja au mbili za kupumzika, kisha kutembea, kukimbia polepole, mazoezi bila kugusana, na hatimaye mchezo kamili baada ya kuruhusiwa na mhudumu wa afya. Kila hatua ichukue angalau siku moja, na dalili zikirejea, arudi nyuma hatua moja.

Dunia ya magongo ya barafuni ilijifunza somo hili kwa gharama. Kwa miaka mingi, watoto wa miaka 11 na 12 waliruhusiwa kugongana mwili kwa makusudi. Baada ya tafiti kuonyesha majeraha mengi zaidi pale kugongana kunaporuhusiwa, Marekani ilipandisha umri huo mwaka 2011, na Kanada ikafuata mwaka 2013. Kulikuwa na makocha waliolalamika kwamba mchezo utaharibika. Mchezo haukuharibika.

NIDHAMU BILA KUMDHURU MTOTO

Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili na adhabu zisizo za kiutu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumchapa, nayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaulinda usalama wa mtoto popote alipo. Uwanja wa michezo haumo nje ya sheria hizi. Kofi, kiboko, matusi na kumpigisha mtoto raundi juani hadi aanguke si ukocha.

Mtu yeyote anayewafunza watoto, hata wa kujitolea, anapaswa kuwa tayari kuonyesha cheti cha maadili mema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho huombwa kupitia eCitizen na vituo vya Huduma. Kocha asikae peke yake na mtoto mmoja mahali pa faragha. Mazungumzo ya simu kuhusu timu yapitie kundi ambalo wazazi wamo. Timu ya wasichana iwe na mwanamke mtu mzima mazoezini na safarini. Zawadi za siri, lifti za usiku na ahadi za nafasi kwenye timu kwa malipo yoyote ni dalili ambazo mzazi hapaswi kuzinyamazia. Mwenye wasiwasi anaweza kupiga simu ya watoto 116, bila malipo, wakati wowote, au kufika ofisi ya watoto ya kaunti ndogo au kituo cha polisi.

WASICHANA NA WALE WASIOTEULIWA

Wasichana wengi huacha michezo wanapobalehe, na mara nyingi sababu si kukosa hamu. Huwa ni ukosefu wa mahali pa kubadilishia nguo, aibu ya hedhi, kazi za nyumbani, au mzazi kuhofia njia ya kurudi jioni. Kocha anaweza kuyapunguza haya kwa kuweka sodo kwenye sanduku la huduma ya kwanza, kuruhusu vazi la stara, kumaliza mapema na kuwaondoa wasichana kwa makundi kulingana na mitaa wanakotoka. Mzazi akihakikishiwa mambo hayo ana sababu ya kumruhusu binti yake.

Uteuzi wa timu nao una adabu yake. Vigezo vitangazwe mapema: mahudhurio, bidii, ufundi, nidhamu. Orodha isibandikwe ukutani bila neno. Kila aliyekosa nafasi aelezwe ana kwa ana jambo analolifanya vizuri na jambo la kuongeza, na akaribishwe kuendelea na mazoezi. Mtoto mfupi wa miaka 13 anaweza kuwa mchezaji bora akiwa na miaka 17, ila tu kama hakukata tamaa mwaka huo wa kwanza.

SAFARI ZA MECHI

Gari la kusafirisha timu liwe na nafasi kwa kila mtoto, na pikipiki isibebe wachezaji watatu na magongo juu yake. Orodha ya wasafiri ibaki shuleni, nakala nyingine iwe kwa kocha. Kwa mechi za mbali kwenye barabara ya Malindi kwenda Mombasa, mpango uwe wa kurudi kabla ya giza. Kocha awe na namba za dharura 999 na 112, ile ya Msalaba Mwekundu 1199, na ajue hospitali iliyo karibu na uwanja anakokwenda.

ORODHA YA KUKAGUA

Kabla ya zoezi la kwanza, kocha ajihakikishie haya:

1. Daftari la watoto limekamilika, pamoja na hali zao za kiafya na simu za wazazi.
2. Wazazi wamekutana na wanazijua saa za mazoezi.
3. Uwanja umepitiwa na kusafishwa.
4. Kinga za ugoko na za meno zipo, na kipa ana vifaa kamili.
5. Maji, barafu na sanduku la huduma ya kwanza vipo kando ya uwanja.
6. Mpango wa wiki nne umeandikwa.
7. Kuna angalau watu wazima wawili katika kila zoezi.

Michezo na viwanja ni miongoni mwa majukumu ambayo Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti, huku michezo ya shule ikisimamiwa na wizara ya elimu na vyama vya michezo vya shule. Kwa hiyo, timu ya mtaani inayotafuta uwanja au ushauri inaweza kuanzia kwa afisa wa michezo wa kaunti ndogo au ofisi ya msimamizi wa wadi, nayo timu ya shule ianzie kwa mwalimu wa michezo. Maombi yafikishwe sasa, kabla ya ratiba ya mechi kujaa.